Mchele wa Kufagia

Kontena lililosafiri sana likifunguliwa hutoa pumzi. Wapakuzi wa yadi ya reli walikuwa na mchezo wao: mlango ukifunguka tu, kabla macho hayajazoea giza la ndani, kila mmoja anataja mzigo kwa harufu. Matairi yalijitangaza yenyewe. Sabuni iliwapigisha chafya. Mitumba ilinuka kabati la marehemu, kama alivyopenda kusema Ngamia, mbebaji mwenye shingo ndefu ambaye hakuwa na mpinzani katika mchezo huo. Mshindi hakupata kitu zaidi ya kusifiwa, lakini sifa nayo ni posho kwa mtu asiye na posho.

Aliyekuwa akiwafungulia milango aliitwa Mkasi. Kazi yake ilikuwa kukata sili, ile pini ya chuma inayofungwa mlangoni mzigo unapopakiwa huko ng'ambo, na ambayo haikatwi mpaka mzigo ufike. Katikati hapo kreni hulipandisha kontena melini, kreni nyingine hulishusha, behewa hulibeba, lori hulipokea, na wote wanaolishika hushika ubavu tu. Kilichomo ndani wanakijua kwa karatasi. Mkasi alizoea kutamba nyumbani kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kuvuta hewa iliyofungwa nchi za watu.

Asubuhi hiyo treni ilikuwa imeleta makontena matano ya mchele, mali ya tajiri mmoja. Manne yangechukuliwa na malori vilevile yalivyo, sili zake mlangoni, mpaka kwa wateja wa miji ya mbali. La tano lilitakiwa kupakuliwa papo hapo na magunia yagawanywe kwenye magari madogo. Mawingu yalikuwa yameshuka karibu na mapaa. Mkasi aliona mlangoni alama ya gundi yenye pembe nne, mahali palipobandikwa karatasi kisha ikabanduliwa, lakini makontena yana makovu kama mbwa wa mtaani, na hakuna anayeuliza kila kovu limetoka wapi. Akakata sili, akainua makomeo, akavuta.

"Kitunguu saumu," alisema mmoja nyuma yake.

"Wapi! Samaki aliyeoza."

Wote wakamgeukia Ngamia. Ngamia alinyoosha shingo, akanusa, akairudisha shingo yake. "Hii siijui," alisema. "Tuliache kwanza lipumue."

"Lipumue, lina mapafu?" Msimamizi alikuwa amefika. "Nyinyi ni wapakuzi au ni paka, kunusanusa? Magari yanasubiri, na treni inageuza leo hii kurudi bandarini. Meli haimngojei mtu. Ingieni."

Walicheka, kile kicheko cha mtu anayemchekea mwajiri wake, kisha wakaingia. Haikuchukua muda mmoja wao akatoka ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mwingine alitapika nyuma ya ukuta, akajifuta, akarudi akiona haya, kana kwamba kutapika ni uvivu. Msimamizi akaagiza maziwa. "Maziwa husafisha kifua," alisema kwa upole wa ghafla, akawagawia mwenyewe. Mkasi, aliyekuwa akifanya kazi mlangoni penye upepo, alisikia tu ladha ya shaba ulimini.

Magunia yalipokwisha, sakafuni ulibaki mchele uliomwagika kwenye magunia yaliyopasuka. Kwa sheria za yadi, punje hizo ni mali ya tajiri, na kuzitoa getini ni wizi. Kwa desturi ya yadi, ni za anayefagia, na mlinzi wa getini huwa anatazama angani anayefagia anapopita. Siku hiyo walifagia Mkasi na Ngamia. Katikati ya mchele mlikuwa na vifuko vidogo vya kitambaa, vimejaa unga wa kijivu. Vile walivyoviona walivitupa. Vingine vilikuwa vimekanyagwa vikapasuka, unga ukachanganyika na mchele.

"Si utapepetwa?" Mkasi aliuliza.

"Kila kitu hupepetwa," alisema Ngamia, huku akikohoa. Wakagawana nusu kwa nusu.

* * *

Nyumba ya Mkasi ilikuwa vyumba viwili vinavyofuatana kama mabehewa. Cha mbele kilikuwa na cherehani ya mkewe na kitanda chao wawili. Katika cha ndani walilala Bibi, mama yake Mkasi, na mjukuu, msichana aliyeitwa Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajafumbua macho asubuhi na usingizi ndio uliomnyamazisha. Wiki hizo chakula cha jioni kilikuwa viazi, na mkewe Mkasi alikuwa amejifunza kula polepole ili wengine washibe kabla yake.

Ndiyo maana kiroba kilipotua sakafuni, Bibi alipiga makofi. "Mungu amenikumbuka kabla sijamkumbusha!"

"Ni wa kuokota, mama," alisema Mkasi.

"Embe la kuokota ndilo tamu. Wewe ulete tu."

Mkewe aliinama, akachota mchele kwa kiganja, akaunusa. Aliurudisha kirobani na kufuta mkono kwenye kanga. "Baba Chiriku, mchele huu unanuka."

"Unanuka bahari. Umesafiri kuliko ukoo wako na wangu tukijumlisha."

"Bahari hainuki vitunguu."

"Mkwe wangu," Bibi aliingilia, "mchagua jembe si mkulima. Kesho mvua ikikatika nitauanika uani, nitaupepeta, na hiyo harufu itakwenda zake."

Kwa kuwa maji ya mvua yalikuwa yameanza kuingia kizingitini, kiroba kilisukumwa chini ya kitanda cha Bibi, mahali sakafu ilipoinuka kidogo, pasipo panya. Dirisha la chumba hicho lilikuwa dogo kama mlango wa banda la kuku, nalo lilizibwa kwa ubao kuzuia rasharasha. Chiriku aliulizia mchele wa kesho utapikwaje, nani atapewa ukoko, na kama mchele unaweza kusikia kizunguzungu melini kama watu. Mvua ilipiga mpaka alfajiri, na pembeni mwa ukuta, pale bati lilipooza, maji yalishuka taratibu yakatengeneza mkondo mwembamba chini ya kitanda.

* * *

Kilichomwamsha mkewe Mkasi kilikuwa ukimya. Kulikuwa kumekucha na chumba cha ndani hakikuwa na gumzo. Alipofungua mlango alimkuta Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, amejishika kifua, matapishi yakiwa miguuni pake. Chiriku alikuwa macho, anatazama dari.

"Kichwa kinauma," alisema mtoto. Hakuongeza neno.

Jirani mwenye pikapu ya kubebea mbao aliwafikisha hospitali. Pale dirishani muuguzi aliuliza kadi, akaambiwa hakuna, akanyoosha kalamu kuelekea benchi. Gauni la mkewe Mkasi lilikuwa na matapishi begani, na alipoketi, mama aliyekuwa jirani yake alisogea, na wa pili naye akasogea, mpaka benchi likabaki na nafasi ambayo mgonjwa mwingine angetosha. Yeye alitazama chini. Bibi alikuwa akipumua kama anayepanda ngazi.

Daktari alikuwa mwanamke mchovu mwenye sauti ya upole. Aliwapima, akaangalia macho, akasikiliza kifua cha Bibi kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Mkasi.

"Jana mlikula nini?"

"Viazi," alijibu Mkasi. "Sote tulikula, na sisi wazima."

"Chumbani wanamolala kuna nini? Jiko la mkaa? Sumu ya panya, dawa ya wadudu, kemikali yoyote?"

Mkasi aliona vile vifuko, jinsi vilivyopasuka chini ya viatu. Aliona pia mlinzi wa getini, msimamizi, na askari aliyekuwa ameegemea mlango wa mapokezi akichokonoa meno. Mtu wa yadi aliyekamatwa na mzigo wa yadi haulizwi alibeba kiasi gani. Anafutwa kazi, na jina lake linapelekwa kwenye yadi nyingine zote.

"Hakuna kitu, daktari."

Mkewe alinyanyua uso. "Kuna mchele aliou..."

"Mchele hatujaupika bado," Mkasi alimkata. Hiyo ilikuwa kweli tupu, na kwa kweli hiyo alifunika uongo wake vizuri kabisa.

Daktari akaandika. Huenda ni chakula kilichoharibika, alisema. Bibi alazwe, atundikiwe maji. Mtoto hali yake si mbaya, arudi nyumbani akapumzike, alale vya kutosha. Mkewe Mkasi akamweka Chiriku mgongoni, akajifunga kanga, akaondoka. Hakumuaga mumewe.

* * *

Jua lilikuwa limechomoza kwa ukali wa baada ya mvua pale kitanda cha magurudumu kilipoingizwa mbio. Mkasi aliitambua shingo kabla ya uso. Ilikuwa inaning'inia nje ya kitanda, na kila gurudumu liliporuka kizingiti nayo iliruka. Nyuma yake alikuja mkewe Ngamia, kiatu mguu mmoja.

"Shemeji!" Alimng'ang'ania Mkasi. "Shemeji, jana alikuja anakohoa, nikasema ni vumbi. Asubuhi namwamsha haamki. Na watoto wote vichwa vinawauma. Chumba kizima kinanuka vitunguu saumu, sijui kimeingia nini!"

"Mchele mliuweka wapi?"

"Chumbani. Tungeuweka wapi?"

"Umelowa?"

"Shemeji, nani hakulowa jana?"

Mkasi alisimama. Alimkuta daktari ameinama juu ya Ngamia, akasema kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia, askari naye akiwemo: "Daktari, nilikudanganya. Kuna mchele niliiba kazini. Umetoka kwenye kontena. Una unga wa kijivu, ulikuwa kwenye vifuko."

Daktari hakugeuka mara moja. "Uko wapi huo mchele?"

"Chumbani kwa mama. Chini ya kitanda. Chumba kilivuja."

"Hiyo ni dawa ya kufukizia wadudu kwenye nafaka. Ikipata unyevunyevu inatoa hewa ya sumu." Hapo ndipo alipogeuka. "Mtoto amekwenda kulala wapi?"

Nyumba nzima ilikuwa na simu moja, nayo ilikuwa mfukoni mwa Mkasi. Alikimbia. Nje alirukia pikipiki bila kupatana nauli, akamwelekeza dereva njia ya yadi kwa sababu ndiyo fupi. Njia ya yadi ilikuwa imejaa malori. Treni ikishafika, mizigo yote hutoka kwa pamoja, trela nyuma ya trela, na barabara huwa ukuta wa makontena unaotembea. Walipenya kati ya ukuta huo na mtaro, goti la Mkasi likikwaruza chuma. Hakutazama juu kuona ni makontena yapi.

Alimkuta mkewe mlangoni, anapiga cherehani kwa mguu mmoja. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa.

"Usimwamshe," alisema mkewe bila kumtazama. "Ndiyo kwanza amepata usingizi. Nimemfungia asisikie kelele."

Mkasi alimpita. Hewa ya chumba ilimkaba koo. Alimnyakua Chiriku pamoja na shuka, akatoka naye hadi uani chini ya kamba za nguo, akamlaza kwenye udongo uliolowa. Kichwa cha mtoto kiligeukia upande kilikoangukia na kubaki huko. Midomo ilikuwa na rangi ya wino.

"Chiriku. Chiriku mama. Sema chochote."

Mkewe alikuwa amesimama juu yao. Alitazama mtoto, akatazama mlango wa chumba, akanusa. Aliunganisha mambo yote bila kuambiwa.

"Uliulizwa," alisema. "Nilikuwepo. Nilisikia unaulizwa."

Kifua cha mtoto kilipanda kidogo. Kikangoja. Kikapanda tena.

* * *

Pikipiki iliwarudisha hospitali wote watatu, Chiriku katikati. Safari hii hakuna aliyeuliza kadi. Walimwekea hewa ya mtungi, na daktari akawaambia kwa uwazi kwamba sumu hiyo haina dawa ya kuiua. Mwili husaidiwa kupumua, basi, ukashinda au ukashindwa. Mtoto alikuwa mzima moyoni na huenda angeshinda. Alipofika kwa habari za Bibi, daktari alipunguza sauti.

Bibi alikuwa macho. Alimtambua mwanawe, akamwashiria ainame.

"Chiriku yuko wapi?"

"Yuko chumba cha pili, mama. Anapumua."

"Mbona unalia? Mtu analilia kupumua?" Alipumzika baada ya maneno hayo kama aliyetua mzigo. "Ule mchele nimeuacha haujapepetwa. Mwambie mkeo asiuloweke kabla ya kuupepeta."

"Nitamwambia, mama."

Alitaka kumwambia mengine. Alifungua kinywa mara kadhaa, na kila mara mama yake alimtazama kwa subira, akidhani ni pumzi inamsumbua naye pia. Saa za mchana moyo wa Bibi uliacha kazi. Mkasi alikuwa bado anatafuta neno la kuanzia.

Msimamizi alikuja jioni, kofia mkononi. Alimkuta Mkasi ukumbini, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, ndugu yangu. Kifo ni njia yetu sote." Alimvuta pembeni, karibu na ndoo za takataka. "Sasa tuongee kiume. Nasikia daktari anaandika habari za yadi. Wewe mwenyewe fikiria. Ukisema mchele umeutoa wapi, mwizi ni nani?"

"Ni mimi."

"Enhe."

"Mimi ni mwizi. Na wewe ulitupatia maziwa tukarudi ndani."

Msimamizi aliangalia kofia yake. Kwa muda alionekana kama mtu ambaye naye ana mama. Kisha hilo likapita. "Karatasi ya onyo iliyokuwa mlangoni sikuibandua mimi," alisema. "Ilikuja hivyo. Bandarini, melini, huko ilikotoka, nani ajuaye? Kila mtu amelipokea hivyo na kulipitisha hivyo."

"Yale manne yako wapi?"

"Yametoka. Likishapita getini si letu tena."

"Nipe namba za madereva."

"Namba za madereva ni za ofisi." Akavaa kofia yake. "Na kuhusu kazi, usijisumbue kuja."

Lakini mtu aliyewafungulia madereva milango miaka yote hiyo hahitaji ofisi. Mkasi aliketi kwenye ngazi za hospitali akapiga simu. Dereva wa kwanza alikuwa kwenye mizani ya malori, akashtuka, akasema atalitoa lori barabarani na kuegesha mbali na watu. Wa pili alimpata kijiweni anakula. Wa tatu alibisha, akatukana, halafu akauliza taratibu kama na yeye hapo kiti cha mbele yuko salama. Daktari aliwapigia wakubwa wa serikali, akaahidiwa kwamba jambo lake limepokelewa.

Dereva wa nne aliitwa Taratibu, kwa jinsi alivyoendesha. Kila mtu yadini alijua kuwa mzigo wake hufika siku moja baada ya wenzake. Simu yake ilikuwa imezimwa.

* * *

Mazishi yalikuwa asubuhi iliyofuata. Kiroba kilikuwa kimeshachukuliwa na watu waliovaa barakoa, na majirani walisimama mbali na nyumba, hata wale waliokuwa wakiingia bila hodi. Jeneza liliwekwa uani. Mkewe Mkasi alikuwa ametoka hospitali kwa saa moja tu; Chiriku alikuwa amefumbua macho alfajiri, hajasema kitu. Ngamia alikuwa hajafumbua. Tangu jana mke na mume hawakuwa wamesemezana ila yale ya lazima: shuka, ufunguo, nani anakaa na mtoto.

Wanaume walikuwa wanajipanga kubeba pale simu ya Mkasi ilipopokelewa upande wa pili. Alikuwa akiipiga tangu kulipopambazuka.

"Mkasi! Habari za huko?" Sauti ya Taratibu ilikuwa changamfu. "Chaji iliniishia njiani. Leo utanisifu, nimefika kabla ya wote. Barabara ilikuwa nyeupe."

"Umeshusha?"

"Niko hapa kwa mteja, kivulini. Ndiyo wanafungua."

Mkasi alisikia komeo likiinuka. Hakuna sauti aliyoijua kuliko hiyo, chuma kikilalamika kwanza, halafu kile kishindo kizito mlango unapoachia mpira wake.

"Wazuie!"

"Nini?"

"Wazuie, Taratibu! Wasiingie! Ndani kuna sumu!"

Aliisikia sauti ya dereva ikipaa, na sauti nyingine zikijibu, na kicheko. Alikijua kicheko hicho pia. Kisha Taratibu akarudi. "Wanauliza wewe ni nani. Wanasema gari jingine linasubiri."

"Waambie mimi ndiye niliyelifungua la kwanza." Uani watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama, naye alikuwa akipiga kelele mbele ya maiti. "Waambie limemuua mama yangu. Yuko hapa mbele yangu, tunamtoa sasa hivi. Waambie!"

Alisikia nyayo zikikimbia, mtu akiita jina ambalo yeye hakulishika vizuri, kitu kizito kikiburutwa. Mkasi alisimama na simu sikioni, jasho likimwingia machoni. Wanaume waliokuwa wameinama kushika jeneza walibaki wameinama.

"Mmoja alikuwa ameshaingia mpaka mwisho," alisema Taratibu, akihema. "Wamemvuta. Anakohoa, anatapika."

"Yuko nje?"

"Yuko nje. Wote wako nje."

"Mwacheni penye upepo, halafu mumkimbize hospitali, mseme ni dawa ya kufukizia. Msifiche. Mlango uacheni wazi, msisogee karibu. Umenisikia? Mtu yeyote asisogee."

"Nimekusikia, kaka."

Simu ikakatika. Aliendelea kuishika. Mkewe alikuwa amemkaribia bila yeye kumsikia, amefunga kanga kiunoni, macho yamevimba.

"Walikuwa wangapi ndani?" aliuliza.

"Mmoja."

Aliutafakari uso wa mumewe kwa kitambo, kama anayepima kitambaa ambacho hakitoshi.

"Basi njoo," alisema. "Njoo umbebe mama."